Spesa za Mninga

Gari la mjomba lilikuwa la viti viwili tu, jekundu, na la chini kiasi kwamba ukisimama kando yake uliwatazama waliokaa ndani kama unayechungulia kisima. Watoto wa mtaa wetu wa Mtendeni waliliita kobe. Mzungu mmoja wa reli alilileta Tabora kwa behewa miaka ya mwisho ya ukoloni, na alipoondoka baada ya uhuru alimwachia mjomba ufunguo, kwa sababu mjomba ndiye aliyekuwa akimuuzia vitambaa na ndiye pekee mjini aliyewahi kulisifu gari lile bila kucheka. Inasemekana kwa muda lilitembea. Mimi sikuliona likitembea. Nilipohamia kwa mjomba ili nisome sekondari nililikuta uani, limefunikwa turubai chini ya kamba ya kuanikia nguo, matairi yamepasuka na kulala bapa ardhini.

Nimeshapita arobaini sasa. Nimeishi Mpanda, Kasulu, Mwanza na Singida, na katika miji mingine nilikaa muda wa kuzoea njia ya sokoni tu, kisha nikafunga mzigo. Kila ninapopanga chumba kipya, usiku wa kwanza akili hurudi kwenye ua ule wa Mtendeni. Sina faida ninayoitafuta kwa kuandika haya. Mjomba na mkewe wote wamefariki, na aliyebaki anayejua jinsi magurudumu ya gari lile yalivyofungwa, na yalivyofunguka, ni mimi.

Mke wa mjomba alikuwa mtu wa Ujiji. Alinilea kama mwanawe, maana wao hawakujaliwa mtoto, nami nilimwita mama. Duka la vitambaa lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nilipofika bado lilikuwa na khanga, shuka na marinda ya kitoto yaliyoning'inia mlangoni. Baadaye biashara ya jumla ikawa ya serikali, vitambaa vikawa vya mgao, na mgao haukupita kwa watu kama mjomba. Rafu zilianza kuonyesha ubao. Asubuhi alifungua duka kama kawaida, akafuta meza ya kupimia nguo kwa kitambaa, akakaa. Adhuhuri akafunga, akaenda uani, akakunja turubai, akaingia katika gari na kukaa nyuma ya usukani mpaka alasiri. Hakuwa na kichaa. Aliamkia watu, aliswali, alikula vizuri. Ila alikaa humo.

Mama alivumilia jambo hilo muda mrefu. Siku aliyoondoka sikuwepo nyumbani, nilikuwa shuleni, lakini jirani yetu aliyesikia akiwa upande wa pili wa ukuta alinisimulia. Mama alimletea mjomba chai ndani ya gari, kama alivyozoea, kisha akasimama asiondoke. Akasema, "Gari lako lina viti viwili. Tangu unilete hapa sijakalia hicho cha pili likitembea hata siku moja." Mjomba akamjibu kwamba matairi hayapatikani, na yeye mwenyewe anajua hayapatikani. Mama akaingia ndani, akafunga vitu vyake, akapanda treni ya Kigoma.

Mjomba aliyashika maneno yale kama mtu anavyoshika agizo la dukani. Kwake mama alikuwa amedai kupandishwa gari, basi, na akipandishwa atarudi. Majirani walijaribu kumweleza kwamba mwanamke akisema hivyo hasemi habari ya gari, lakini aliwaona hawana akili. Miezi ikapita. Kisha mfanyabiashara wa dagaa aliyeshuka kutoka Kigoma akaleta salamu za shemeji zake, akazitoa mbele yangu, neno kwa neno: mjomba aende mwenyewe Ujiji, akae nao mkekani, aseme kwa kinywa chake kwamba anamtaka mkewe. Hawadai kitu kingine. Mwezi wa Ramadhani ukiandama hajafika, watajua kwamba hamtaki, nao watamtaka atoe talaka.

Wakati ule ulikuwa Rajabu. Treni ya Kigoma ilipita Tabora kila wiki kama kawaida yake, na kutoka Mtendeni hadi stesheni ni mwendo wa kutembea huku ukipiga soga. Mjomba alimshukuru mwenye dagaa, akamkaribisha chakula, na kesho yake akaanza kutafuta magurudumu.

Hapo ndipo alipomwendea fundi wa mtaa wa Cheyo. Alikuwa Mnyamwezi wa makamo, mwenye karakana ya mabati pembeni mwa nyumba yake, ambaye ujana wake wote aliumaliza katika malori yaliyobeba pamba kutoka Nzega na tumbaku kutoka Urambo. Alizunguka gari mara mbili, akachuchumaa, akasema matairi ya saizi ile hayataonekana tena Tabora maisha yetu yote. Maduka ya serikali yalileta tairi za malori, za matrekta na za Landrova, na hata hizo kwa kibali. Dawa, alisema, ni kuachana na ringi za Mzungu na kufunga ringi nyingine kabisa. Palikuwa na pikapu ya shamba la tumbaku iliyopinduka, bodi imekwisha lakini magurudumu mazima, na tairi zake zina meno. Mjomba aliyapata magurudumu yale manne kwa kumpa mwenyewe saa kubwa ya ukutani iliyokuwa dukani tangu enzi za baba yake.

Magurudumu yalipoletwa tuliona kasoro mara moja. Matundu ya bolti yalilingana na ya gari kwa kuchongwa kidogo tu na tupa, hilo lilikuwa jambo la bahati. Lakini ringi za pikapu zilikuwa pana, na matumbo yake yaliingia ndani sana. Ukilisukuma gurudumu mpaka likae mahali pake, tairi lilikwenda kubana springi ya nyuma, na kule mbele liligusa vyuma vya usukani, hata usiweze kukata kona. Lilipaswa kusogezwa nje kwa unene wa vidole viwili. Fundi alituchorea mchangani: hapa ngoma ya breki, hapa ringi, na hapa katikati panahitaji kipande cha duara, chenye matundu ya kupitisha bolti, kinachojaza nafasi. Spesa. Nne, za unene mmoja.

Spesa huchongwa kwa chuma. Fundi alijua hivyo, mjomba alijua, hata mimi niliyekuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne nilijua. Tulikwenda ofisini kuomba kibali cha bamba la chuma, na karani mwenye adabu sana akamuuliza mjomba chuma hicho ni cha kazi gani. Mjomba hakuwa mtu wa kusema uongo. Akasema ni cha gari dogo la kutembelea. Karani akamwambia chuma kilichopo ni cha majembe na pampu za vijiji, mzee wangu, na akatusindikiza hadi mlangoni. Karakana ya reli ilikuwa na chuma cha kila namna na mashine ya kukereza, na fundi alikuwa na rafiki humo. Rafiki akasema mali ile ni ya umma na yeye ana watoto.

Basi fundi akaleta wazo lake. Nakumbuka alivyolileta, kwa raha, kama mtu aliyekuwa akingoja njia nyingine zifungwe. Katika malori ya pamba, alisema, bushi za springi, vile vibomba vinavyokaa ndani ya tundu la pini, zilipokwisha na hakuna za kununua, walichonga za mninga. Ulichukua mninga mkavu, ukachonga, ukauchemsha ndani ya oili chafu mpaka uache kutoa povu, ukaugongea mahali pake. Bushi ile ilibeba lori lenye marobota hadi mwisho wa msimu. Wengine walipofungua waliikuta bado inang'aa.

"Lori zima la pamba," alimwambia mjomba. "Sembuse hiki kikombe chako cha chai?"

Sijui kama katika nchi nyingine yupo mtu ambaye angesikia habari hiyo na kuikubali. Kwetu Tabora mninga ni kitanda tunachozaliwa juu yake, mlango, mchi, bodi ya lori na ubao wa kubebea maiti. Hakuna aliyewahi kuuona mninga ukimwaibisha mtu. Mjomba alikubali hapo hapo, nami sikuona cha kupinga. Tatizo likawa kupata mninga mkavu sawasawa, maana mbao zilizokuwa sokoni zilitoka msituni juzi. Mjomba alifikiri kidogo tu. Kisha akatuongoza dukani na kuweka kiganja chake juu ya meza ya kupimia nguo.

Meza ile ilikuwa ubao mmoja, mnene, wenye rangi ya chai ya rangi, na ukingoni ulikuwa na misumari midogo ya shaba iliyopimia yadi. Fundi aliugonga kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema ubao kama huo hatauona tena. Nilidhani mjomba atasita. Akanituma nikalete msumeno. Tulipoikata, vumbi jekundu lilijaa chumbani na harufu yake ilikuwa tamu, na nje hapakuwa na mtu aliyesimama kununua, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Baada ya siku ile mlango wa duka haukufunguliwa tena. Hapakuwa na meza ya kufuta.

Fundi alichonga spesa nne kwa patasi na tupa, akazitoboa kwa keekee, akazilinganisha juu ya kioo mpaka hazikuyumba. Zilikuwa nzuri. Alizichemsha uani kwake ndani ya debe la oili chafu, na Cheyo nzima ilinuka kama karakana inayoungua. Bolti za gari zilikuwa fupi kwa unene ule mpya, akazing'oa na kugongea zile ndefu za pikapu. Kingo za madigadi zikakatwa kwa mkasi wa bati ili tairi lipate kucheza. Hatimaye gari likashushwa kutoka kwenye jeki, likasimama kwa miguu yake.

Lilikuwa limebadilika sura. Magurudumu yalitokeza nje pande zote mbili, na kobe alionekana kama chura aliyejitanua kuruka. Mjomba aliliendesha taratibu kutoka Cheyo mpaka Mtendeni, mimi nikiwa kiti cha pili, na watoto wakatukimbilia nyuma. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa barazani walitukagua, kisha mmoja akasema, "Ukifika Ujiji na sahani hiyo, angalia wasikupakulie wali." Wakacheka, na mjomba naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mama aondoke. Alizunguka mtaa mara nyingine ili wamtazame vizuri. Nilipomshauri kwamba, kwa kuwa Shaabani imeshakatika nusu na njia haijulikani, labda tuliache gari na tupande treni, alinitazama kwa huruma.

Alipanga safari kama harusi. Kanzu mbili zilipigwa pasi. Alinunua doti ya khanga kwa mtu aliyekuwa nayo sandukuni, na akapata debe dogo la asali ya msituni kwa ajili ya shemeji zake. Mimi ningekwenda naye ili nisaidie njiani, na wakati wa kurudi mama angekaa kiti changu, mimi ningepanda treni. Alinieleza mpango huo kwa makini, kana kwamba ningeona wivu.

Tuliondoka asubuhi kwa njia ya magharibi. Ni njia ile ile ya misafara ya zamani, inayofuatana na reli na kuiacha na kuirudia, na mjomba alikuwa na haki ya kuisimulia kwa sababu babu yake aliipita kwa miguu, akiwa kijana aliyekuja na wenye vitambaa kutoka pwani. Alinionyesha kambi walizolala, ambazo sasa zilikuwa vichaka tu. Babu alitembea hadi Ujiji, alisema, na hakuna aliyemwambia apande kitu. Upepo ulipita juu ya kioo kidogo cha mbele na kuingia vinywani mwetu pamoja na vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa nimekwenda popote. Kama kuna saa moja katika safari zangu zote ninayoitamani irudi, ni ile. Nimepanda malori, treni, meli na mabasi nikiitafuta, na sijaipata.

Mlio ulianza kabla hatujafika Ndono. Ulikuwa mlio mdogo, kama kitanda cha kamba mtu anapogeuka. Tulisimama, tukapapasa, tukakuta nati za gurudumu la nyuma kulia zimelegea. Nilizikaza kwa spana mpaka zikagoma. Magurudumu mengine nayo yalikubali kukazwa kidogo. Mjomba akasema ni kawaida, kitu kipya lazima kikae. Tukaenda. Mlio ukarudi. Tukasimama tena, na safari hii nati zilizunguka zaidi kuliko mwanzo. Juu ya ngoma ya breki palikuwa na unga mwekundu, laini, uliochanganyika na oili. Nilimwonyesha mjomba. Aliusugua kati ya vidole viwili, akaunusa, akajipangusia suruali.

"Kaza," akasema.

Kila tuliposimama nilikaza, na kila nilipokaza zilikubali. Ndilo lililonitisha. Nati inayogoma inakwambia kwamba imefika mahali. Hizi hazikuwa zimefika mahali popote. Chini yake ubao ulikuwa unaliwa, na mimi kwa spana yangu nilikuwa nafuata tu jinsi unavyokwisha. Nilimwambia turudi Ndono. Akasema Usoke iko mbele, na Usoke kuna stesheni na watu, tutapumzika huko.

Tulikuwa tumeshaziona nyumba za Usoke gurudumu lilipotupita. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilisikia mpasuko, gari likainama upande wa mjomba, na papo hapo nikaliona gurudumu letu la nyuma likikimbia peke yake mbele yetu, wima, bila haraka, mpaka likaiacha barabara na kuingia katika shamba la mahindi makavu. Gari lilijiburuta juu ya ngoma ya breki na kusimama limekaa upande kama kuku anayeatamia. Hatukuumia. Bolti zote za upande ule zilikuwa zimekatika. Spesa niliiokota barabarani vipande viwili, imepasuka moja kwa moja kufuata nyuzi za mti.

Nilipoviunganisha vipande vile mkononi nilielewa, na nadhani mjomba naye alielewa. Bushi ya lori hukatwa kwa urefu wa mti, nyuzi zake zinasimama pamoja kama wanaume waliobeba jeneza. Spesa ilikatwa katika ubao wa meza, nyuzi zimelala bapa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kila jiwe tulilopita lilikuwa likizigawa. Fundi wetu aliujua mninga maisha yake yote, akasahau jinsi unavyolala. Tulifungua zile nyingine tatu kwa kutaka kujua tu. Mbili zilikuwa na ufa.

Shamba lile la mahindi lilikuwa la kijiji cha ujamaa. Watu walikuwa wamehamishiwa pale kando ya njia muda si mrefu, nyumba zao zimepangwa mistari, nyingine bado hazijaezekwa. Walikuja wengi, wakatuamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, wakasaidia kulisogeza gari pembeni kwa kuliinua, maana lilikuwa jepesi. Mwenyekiti wao alifika mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alilizunguka gari kama alivyofanya fundi.

"Hili linabeba magunia mangapi?" akauliza.

Mjomba akamwambia halibebi magunia.

"Sasa linabeba nini?"

"Watu wawili."

Mwenyekiti alingoja kidogo, kama mtu anayedhani mwenzake hajamaliza kusema. Kisha akatuambia tuliache nyuma ya ghala, hakuna atakayeligusa. Akamwomba kijana mmoja atubebee mizigo hadi stesheni. Kabla hatujaondoka mwanamke mmoja aliuliza kama zile spesa mbovu tunazihitaji, maana kuni zilikuwa mbali. Mjomba akampa zote.

Stesheni ya Usoke ni ndogo. Tulikaa kwenye benchi, debe la asali kati ya miguu yangu, na mkuu wa stesheni akatuambia kwamba treni ya Kigoma itapita alasiri ile ile na kwamba ina nafasi. Nilifurahi. Niliona kwamba pamoja na yote jambo lenyewe halijaharibika: Shaabani haijaisha, treni inakuja, Ujiji tutalala kesho. Nilimwambia mjomba hivyo. Alikuwa akijipangusa oili kwenye kucha kwa kijiti, na aliendelea kujipangusa.

"Nifike na nini?" akaniuliza.

"Ufike wewe, mjomba. Walisema uje tu."

"Walisema hivyo walipodhani nina duka." Akatupa kile kijiti. "Nikishuka pale na kifurushi mkononi, nguo zina oili, nimekuja kwa treni ambayo ilikuwepo siku zote, wataniuliza nilikuwa wapi mwaka mzima. Nitawajibu nini? Nilikuwa nakata meza?"

Nikamwambia mama hatamuuliza hayo. Nikamwambia akikosa mwezi huu basi tena, ndugu zake hawatanii.

"Najua hawatanii."

"Basi twende."

"Wewe hujaoa," akasema, bila ukali, akageuka kuitazama reli.

Treni ilipoingia nilisimama na mizigo yote. Mjomba naye akasimama, na kwa muda niliamini anakuja, kwa kuwa alitembea nami hadi penye ngazi ya behewa na akashika chuma cha mlango kwa mkono wake. Mlango ulikuwa wazi. Abiria wa ndani walijisogeza ili tupite. Akanipandishia debe la asali, akanipandishia doti ya khanga, akaniambia nimsalimie kila mtu, kila mtu kwa jina lake. Halafu akakiachia kile chuma cha mlango. Alirudi kwenye benchi kungoja treni ya kwenda Tabora, na treni yetu ilipoondoka alikuwa amekaa akiutazama upande ule wa mashariki, mgongo wake kwetu.

Nilifika Ujiji peke yangu. Mama alinipokea mlangoni, akachungulia nyuma ya bega langu mpaka barabarani, kisha akanitazama usoni. Nilimpa shikamoo. Alisema marahaba na kuninawisha mikono kwanza, akanilisha, na nilipomaliza ndipo akauliza. Nilimweleza yote, habari ya ringi za pikapu, ya spesa, ya meza. Aliposikia habari ya meza alifumba macho. Kisha akaniuliza jambo moja ambalo sikulitegemea.

"Treni iliposimama, yeye alikuwa hapo hapo?"

"Ndiyo, mama."

"Karibu na mlango?"

"Aliushika."

Hakulia. Aliichukua khanga aliyoletewa, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Kaka yake mkubwa alikuja jioni, mtu mpole mwenye sauti ndogo, akaipokea asali na kumsifu mjomba kwa asali nzuri. Alitaka kujua kama shemeji yake ni mgonjwa. Nikasema si mgonjwa. Akauliza kama amefungwa, au ana kesi. Nikasema hana. Alikaa akifikiri, na niliona kwamba anatafuta kwa dhati sababu ya kumsamehe mtu yule, na mimi sikuwa nayo ya kumpa. Mama akaomba wangoje treni moja nyingine. Wakakubali. Siku ya treni nilitembea hadi Kigoma asubuhi, nikasimama penye geti la abiria mpaka wa mwisho akatoka, kisha nikasubiri na wapagazi mpaka mabehewa yakafungwa. Nilirudi Ujiji jua likiwa kali. Mama alikuwa amepika chakula cha watu wengi. Aliponiona peke yangu alianza kupunguza wali kutoka kwenye sinia, akiurudisha sufuriani kijiko kwa kijiko.

Mwezi ulionekana upande wa ziwa, mwembamba sana, na vijana wakaanza kupiga kelele mtaani. Kaka yake mama alisimama uani akautazama mpaka akahakikisha, akasema, "Basi," akaenda msikitini. Mama alikuwa akichekecha unga wa uji wa daku. Hakuinua kichwa kuutazama mwezi. Aliniuliza tu kama kesho nitafunga pamoja nao au nitajihesabu msafiri.

Nilimwambia mimi ni msafiri.

Akachota wali uliobaki, akanifunikia kando, niule mchana.